Istilahi za Michezo ya Milimani: Kupanda, Kukwea na Kuzoea Mwinuko

Mazoezi ya michezo milimani ni jambo linaloendelea kuenea katika nchi zetu. Siku za mapumziko vikundi vya marafiki huondoka mjini alfajiri, hupiga kafi ziwani, huendesha baiskeli katika njia za mashambani, kisha hupanda mlima kwa miguu na kurudi kabla ya jua kutua. Shughuli hiyo huonekana kuwa ya starehe tu, wala haielekei kuhitaji kamusi. Lakini mara inapotakiwa kuandikwa, iwe katika ratiba ya mwalimu, tangazo la hifadhi au fomu ya kibali, mwandishi hukuta kwamba maneno aliyo nayo ama yana maana nyingi mno, ama ni tafsiri za haraka za maneno ya kigeni. Kutoelewana kwa namna hiyo katika uwanja wa mpira huleta kicheko. Mlimani kwaweza kuleta kifo.

Makala haya yana shabaha ya kuchunguza baadhi ya istilahi hizo na kupendekeza zilizo bora. Ili mjadala wetu usielee hewani, tutafuata siku moja ya mazoezi kama inavyoweza kupangwa katika miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha. Siku hiyo huanzia katika Ziwa Duluti, lililo katika kasoko ya volkano ya zamani kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi. Huendelea kwa baiskeli kupitia mashamba ya kahawa na migomba hadi lango la Momella, lililo mita 1,500 hivi. Na huishia kwa miguu kwenye vibanda vya Miriakamba, mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kabla ya kuteremka. Kilele chenyewe, chenye mita 4,560 hivi, si safari ya siku moja. Hilo nalo lina uhusiano na istilahi, kama tutakavyoonyesha.

1. Jina la shughuli yenyewe

Swali la kwanza ni jina la mazoezi yanayounganisha michezo kadhaa katika siku moja. Wengine huandika "michezo mingi", wengine "michezo mbalimbali". Maneno hayo hayatoshi. Shule yenye timu ya mpira wa miguu, timu ya netiboli na timu ya riadha ina michezo mingi, wala haina shughuli tunayoizungumzia. Sifa ya shughuli hii ni kwamba mtu yuleyule hutoka katika mchezo mmoja na kuingia katika mwingine, na uchovu wa ule wa kwanza huingia naye katika ule wa pili.

Tunapendekeza "michezo mseto". Mseto, kama kila mpishi ajuavyo, ni chakula cha nafaka na kunde zilizopikwa pamoja hata zikawa kitu kimoja. Neno hili limekwisha kutumika kwa maana iliyopanuka: wataalamu wa kilimo husema "kilimo mseto", na waandishi wa siasa husema "serikali ya mseto". Hivyo msomaji hatafundishwa neno jipya. Ataongozwa na neno analolijua.

Je, triathloni nayo ibadilishwe? Hatudhani hivyo. Triathloni ni jina la mashindano yenye kanuni maalumu. Katika Michezo ya Olimpiki, ambako ilianza kushindaniwa mwaka 2000 mjini Sydney, mshindani huogelea kilomita 1.5, huendesha baiskeli kilomita 40, na hukimbia kilomita 10. Kuiita "mbio tatu" ni kosa, kwani kuogelea si mbio. Neno hilo libaki kwa ajili ya mashindano hayo, na "michezo mseto" litumike kwa jamii nzima ya shughuli za aina hii. Ndivyo pia tunavyotenganisha "mazoezi", ambayo mtu huyafanya ili kuuimarisha mwili wake, "mafunzo", ambayo hupewa na mkufunzi, na "mashindano", ambayo yana mshindi. Fomu inayochanganya maneno haya matatu humfanya karani ashindwe kujua kama anaombwa kibali cha watu wanane wanaojinyoosha viungo au cha mashindano yenye watazamaji.

2. Kafi na baiskeli

Katika sehemu mbili za mwanzo za siku yetu kazi ya mwanaistilahi ni kusikiliza tu, kwani maneno yapo.

Kiswahili cha pwani hutofautisha kasia na kafi. Kasia hutegemezwa ubavuni mwa chombo, na mpigaji huketi akiipa omo mgongo. Kafi ni fupi, hushikwa kwa mikono miwili bila kutegemezwa popote, na mpigaji hutazama aendako. Vidau vyembamba vya michezo huendeshwa kwa kafi. Kwa hiyo tafsiri iseme "kupiga kafi", wala isiseme "kupiga makasia", ambao ni mchezo mwingine kabisa. Lugha nyingi hulazimika kuunda istilahi mbili hapa. Sisi tumerithi zote mbili kutoka kwa mabaharia wetu.

Kadhalika baiskeli imekaa nasi muda mrefu, na mafundi walio chini ya miembe wamekwisha kumaliza kazi. Gia, breki, pedali, tairi, mnyororo, pancha na shokapu ni maneno yanayoeleweka kutoka mjini hadi kijijini. Mwendeshaji akiambiwa "weka gia nyepesi" kabla ya kilima anajua la kufanya. Mfasiri anayeketi mezani na kubuni "kibadilisha mwendo" badala ya gia hamsaidii mtu yeyote. Neno linaloishi vinywani mwa watu wa kazi lina haki ya kwanza.

3. Kupanda na kukwea

Ugumu huanza tunapofika kwenye kitenzi "panda". Mkulima hupanda mbegu, abiria hupanda basi, bei hupanda sokoni, na watu hupanda mlima. Katika mazungumzo ya kawaida maana hizi hazigombani, kwa sababu jina linalofuata kitenzi huondoa utata. Lakini ratiba hupenda ufupi. Ikiandikwa "Saa 3:00 kupanda", nusu ya kikundi itashika baiskeli na nusu itafunga kamba za viatu. Twapendekeza basi kwamba katika maandishi ya michezo "kuendesha" litumike kwa baiskeli, na "kupanda" libaki kwa mlima peke yake.

Lakini hata kwa mlima peke yake kuna namna mbili za kwenda juu. Ipo ile ya miguu, na ipo ile ya miguu na mikono, ambamo mtu hujishikiza kwenye mwamba na usalama wake hutegemea kamba. Tofauti hii si ndogo. Katika Mlima Kenya mtu mwenye afya na mwongozaji mzuri aweza kufika kilele cha Lenana, mita 4,985, kwa kutembea. Lakini kilele cha Batian, mita 5,199, hakifikiwi ila kwa ufundi wa miamba na kamba. Tangazo linalosema kwamba vilele vyote viwili "hupandwa" humdanganya msomaji bila kukusudia.

Kiswahili kina neno kwa namna hiyo ya pili, nalo ni "kukwea". Mkwezi wa minazi hapandi mnazi kama mtu apandavyo ngazi. Huukumbatia, huushika na kujivuta. Ndivyo afanyavyo mtu aliye mwambani. Basi tuseme: Lenana hupandwa, Batian hukwewa. Anayefanya kazi ya kwanza ni mpanda mlima. Anayefanya ya pili ni mkwezi wa miamba. Kwa tofauti hiyo moja mwenye kutoa kibali ataweza kuuliza swali linalofaa: je, mnayo kamba, na yupo anayejua kuitumia?

4. Amri za kambani

Vikundi vingine huongeza ukwezi wa miamba katika siku ya mazoezi, na hapo istilahi hugeuka kuwa amri. Amri husemwa kwa sauti kubwa, mara nyingi katika upepo, na msikilizaji haoni uso wa msemaji. Kwa hiyo kipimo cha istilahi ya namna hii ni sikio kabla ya kamusi.

Tuangalie maneno mawili ambayo mfasiri angeyafikiria mara moja: "Shika!" na "Shuka!" Kila moja ni sahihi na fupi. Lakini maneno hayo yana konsonanti zilezile kwa mpangilio uleule, na mkazo huangukia mahali palepale, kwani katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tofauti yake ni irabu moja tu, nayo upepo waweza kuimeza. Aliye juu akipiga kelele "Shika!" kwa maana kwamba kamba ishikiliwe, na aliye chini akasikia "Shuka!", matokeo yake hayahitaji kuelezwa.

Tunapendekeza amri zinazotofautiana kwa umbo zima. "Kaza!" iwe ya kuvuta kamba ili isilegee, na "Legeza!" iwe ya kuitoa kidogo, moja ina silabi mbili, nyingine tatu. Kwa kushuka itumike "Teremka!", ambayo haiwezi kudhaniwa kuwa nyingine yoyote kati ya hizo. Kwa kuonya juu ya kitu kinachoporomoka, "Jiwe!" latosha, hata kama kilichoanguka ni chupa ya maji, anayesikia hana haja ya kujua ni kitu gani, bali ana haja ya kukikinga kichwa chake. Walimu wanaofundisha ukwezi wazizoeze amri hizo chini kabla ya kwenda mwambani.

5. Majina ya watu

Siku ya mazoezi ya marafiki huhusisha watu wa kazi mbalimbali, na majina yao yanahitaji uangalifu.

Anayeijua njia na kuwatangulia wengine aghalabu huitwa "kiongozi". Neno hili linafaa katika mazungumzo, lakini katika barua za serikali kiongozi ni mwenye madaraka. Wapo wanaofikiri kwamba njia rahisi ni kulitohoa neno la Kiingereza. Tukilitohoa kwa kufuata matamshi yake tutapata "gaidi", na gaidi katika lugha yetu ni mtu wa kukimbiwa, si wa kufuatwa. Mfano huu wafaa kukumbukwa kila tunapokopa: neno la kigeni likibisha hodi, kwanza tutazame kama nyumbani hamna mwenye jina hilo. Sisi twapendekeza "mwongoza njia".

Katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambamo Mlima Meru umo, wapanda mlima hufuatana pia na askari wa wanyamapori mwenye silaha, kwa sababu nyati na tembo wamo njiani. Huyu si mwongoza njia, ingawa hutangulia. Kazi yake ni ulinzi. Fomu itenganishe majina hayo mawili.

Wabeba mizigo huitwa "wapagazi", neno la tangu zama za misafara iliyobeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo. Wenye kazi hiyo katika Kilimanjaro hujiita "wagumu". Neno "mpagazi" libaki katika mikataba na sheria, maana maana yake ni wazi. Lakini "mgumu" kwa maana hiyo listahili kuingizwa katika kamusi, kwani jina ambalo wafanyakazi wamejipa wenyewe hueleza kazi yao kuliko fasili ya mtu wa nje.

Mwisho kuna yule anayemshikia mwenzake kamba. Wengine wamependekeza "mwenza". Twaomba neno hili liepukwe, kwani katika fomu za ofisi zetu "jina la mwenza" ni jina la mume au mke. Mwombaji wa kibali atajaza jina la mtu aliyebaki nyumbani akipika, na siku ya ajali wahusika watamtafuta mlimani. "Mshika kamba" ni jina lisilo na utata.

6. Kuzoea mwinuko

Sasa tumefikia istilahi iliyotufanya tuandike makala haya. Mtu anayetoka pwani kwenda juu mlimani huhitaji muda ili mwili wake ujirekebishe. Katika maandishi mengi ya Kiswahili jambo hilo huitwa "kuzoea hali ya hewa". Twashikilia kwamba tafsiri hiyo haifai, na kwamba ni ya hatari.

Hali ya hewa, kwa Mswahili yeyote, ni mvua, jua, upepo na baridi. Ndiyo maana idara inayotabiri mvua hubeba jina hilo. Tuchukue sentensi ya namna hii: "Mgeni apumzike siku moja ili kuzoea hali ya hewa." Msomaji mwenye akili timamu atajibu kwamba yeye haogopi baridi na kwamba amechukua sweta mbili, ataendelea na safari siku hiyohiyo. Hakukaidi ushauri, ametii maana ya maneno aliyoyasoma.

Lakini kinachomdhuru mtu juu mlimani si baridi peke yake. Ni upungufu wa oksijeni. Sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki. Ni asilimia 21 hivi pwani na ni asilimia 21 hivi kileleni. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa yote. Katika mwinuko wa mita 2,500 kanieneo ni kama robo tatu ya ile ya pwani, na katika kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni kama nusu. Kila pumzi huleta oksijeni kidogo zaidi. Mwili hujitetea: kwanza mtu hupumua kwa kasi na moyo hupiga haraka, baada ya siku na majuma damu huongeza chembe nyekundu. Kazi hiyo haifanywi na sweta, hufanywa na muda.

Historia ya michezo ina ushahidi ulio wazi. Mwaka 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanyika katika Jiji la Mexico, lililo mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika mbio za mita 10,000 Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa miongoni mwa wakimbiaji hodari kabisa duniani, alimaliza wa sita na kuanguka akiwa amezirai. Wakimbiaji wa Kenya, nchi yenye nyanda za juu, walitwaa medali za dhahabu katika mita 1,500, mita 10,000, na mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Marathoni ilishindwa na Mamo Wolde wa Ethiopia. Na ndiyo marathoni ambayo John Stephen Akhwari wa Tanzania aliimaliza akichechemea, goti likiwa limefungwa bendeji, baada ya kuanguka njiani. Hali ya hewa ilikuwa ileile kwa wote. Mwinuko ndio uliowabagua.

Kwa hiyo tunapendekeza "kuzoea mwinuko". Neno "mwinuko" linatumika katika vitabu vya jiografia kwa maana hii hasa, na kila aliyesoma shule analijua. "Kimo" hutumika zaidi kwa mtu, na "urefu" huweza kuwa wa barabara. Kutokana na mwinuko twapata pia "ugonjwa wa mwinuko", istilahi iliyo bora kuliko "ugonjwa wa milimani", kwani hiyo ya pili humfanya msomaji afikirie maradhi ya kuambukiza yaliyoko huko, kama malaria ilivyo mabondeni. Vilevile tuepuke kusema kwamba juu kuna "hewa nyepesi". Kwa Kiswahili chochote chepesi ni cha nafuu. Tuseme "upungufu wa oksijeni".

Dalili za ugonjwa wa mwinuko ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida na kukosa usingizi. Ukizidi, mapafu hujaa maji na mgonjwa hukosa pumzi hata akiwa ameketi, au ubongo huvimba naye akapepesuka na kuchanganyikiwa. Dawa kuu ni kuteremka mara moja. Huanza kuonekana zaidi kuanzia mita 2,500 hivi. Ndiyo maana siku yetu ya mazoezi huishia Miriakamba. Kikundi kilichoamka Dar es Salaam hakifai kuendelea jioni ileile hadi vibanda vya juu, mita 3,500 hivi. Kanuni ya waganga wa milimani ni kwamba, juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kanuni hiyo haiwezi kueleweka chini ya jina "kuzoea hali ya hewa". Chini ya jina "kuzoea mwinuko" hujieleza yenyewe.

7. Kupasha na kutuliza mwili

Walimu wa michezo husema "kupasha mwili" kwa mazoezi mepesi ya mwanzo, nalo ni neno zuri. Kwa yale ya mwisho wengi husema "kupoza mwili". Uwanjani, katika jua la mchana, hakuna madhara. Mlimani jioni, nguo zikiwa zimelowa jasho na upepo ukivuma, kumwambia mtu aupoze mwili wake ni kumwelekeza katika hatari ya pili ya mlima, yaani upotevu wa joto mwilini. Kinachotakiwa ni pumzi na mapigo ya moyo yatulie, huku mtu akiwa amevaa nguo kavu. Tunapendekeza "kutuliza mwili" mahali pote, ili mwanafunzi asijifunze neno moja la uwanjani na jingine la mlimani.

8. Hitimisho

Kwa muhtasari, tunapendekeza: michezo mseto, kupiga kafi, kuendesha baiskeli, kupanda kwa miguu na kukwea kwa mikono na miguu, amri za Kaza, Legeza, Teremka na Jiwe, mwongoza njia na mshika kamba, kuzoea mwinuko na ugonjwa wa mwinuko, kupasha na kutuliza mwili. Wasomaji wataona kwamba karibu maneno yote haya yamo katika lugha tangu zamani. Tumeyatoa kwa mpishi, baharia, fundi baiskeli, mkwezi wa minazi na mwalimu wa jiografia, tukayapa kazi moja kila moja.

Istilahi hizi ni mapendekezo. Tunawaalika wafasiri, walimu, na hasa wale wanaofanya kazi milimani, watuletee maoni yao na maneno wanayoyatumia. Wakati mjadala ukiendelea, tungeomba jambo moja lisingoje: kila mwenye kuandaa tangazo au fomu ya mlimani aondoe maneno "kuzoea hali ya hewa", na mahali pake aandike "kuzoea mwinuko".